Tarehe Mbili za Fomu Moja: Yaliyobadilika Katika Mtandao wa Ndani wa Wafanyakazi wa Kaunti na Yanavyokuhusu

Mkaazi mwenzetu, somo la toleo hili linaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana tulipofungua maombi ya basari za wadi, ofisi ninayofanyia kazi ilitoa tangazo lenye tarehe ya mwisho isiyo sahihi. Tangazo lilisema Ijumaa, ilhali kamati ilikuwa imeamua Jumatano. Alhamisi asubuhi nilikuta wazazi wameketi kwenye benchi nje ya ofisi ya wadi, fomu zimejazwa, mihuri ya shule na ya chifu imepigwa, na karani ndani akiwaeleza kwamba sanduku limeshafungwa. Mama mmoja alinionyesha tangazo kwenye simu yake akauliza, "Kijana wangu, si nyinyi mlioandika hapa?" Ni sisi. Kusema kweli, ni mimi.

Baada ya simu nyingi kamati ilikubali kupokea fomu za waliofika hadi Ijumaa. Lakini kuna waliosikia kwa majirani kwamba dirisha limefungwa, wakarudi kutoka njiani. Hao hatukuwapata wote.

Kosa lilitoka wapi? Katika mtandao wa ndani ambamo wafanyakazi wa kaunti huweka nyaraka zao kulikuwa na faili mbili za ratiba ya basari. Moja iliitwa "ratiba mwisho" na nyingine "ratiba mwisho kabisa". Kama mtu yeyote mwenye akili timamu, nilifungua ya "mwisho kabisa". Kumbe ndiyo iliyokuwa ya zamani. Aliyeirekebisha baadaye alirekebisha ile nyingine, na hapakuwa na chochote kwenye skrini cha kunionya.

Mtandao huo sasa umefanyiwa mabadiliko. Kwa kawaida habari kama hii hutumwa kwa wafanyakazi peke yao kwa barua pepe, na wengi hawaifungui. Nimeomba nafasi niieleze hapa kwa sababu mambo mengi ambayo mkaazi huyalalamikia dirishani, kama vile faili kupotea, kuambiwa urudi kesho, au karani huyu kusema hivi na yule vile, huanzia huko nyuma asikokuona.

Ukumbi wa nyuma

Tovuti ya kaunti ni mlango wa mbele. Yeyote mwenye simu huingia, akasoma zabuni, nafasi za kazi na matangazo. Jukwaa la eCitizen nalo ni la mkaazi: unaomba huduma na kulipa. Mtandao wa ndani, ambao mafundi huuita intraneti, ni ukumbi wa nyuma. Huingii bila kuwa mfanyakazi na bila nenosiri. Humo mna ubao wa matangazo ya kazi, kabati la nyaraka, orodha ya simu za idara, fomu za likizo, na daftari la barua zinazoingia na kutoka. Kabla yake kazi hiyo ilifanywa na tarishi, kabati la chuma na kitabu cheusi chenye mistari ambacho mpokeaji alitia sahihi.

Nitakitetea kidogo kitabu kile cheusi. Kilikuwa kimoja tu. Ukitaka kujua barua imefika kwa nani, ulifungua ukurasa ukaona sahihi. Tulipohamia kwenye tarakilishi tulipata kasi, lakini tukapoteza umoja ule. Waraka mmoja ukaanza kuishi mahali kumi: kwenye barua pepe ya mkurugenzi, kwenye flashi ya karani, kwenye kundi la WhatsApp la idara, na kwenye mtandao wa ndani ukiwa na majina mawili.

Kwa nini programu hizi hubadilishwa

Mkaazi anaweza kuuliza, na ana haki: kama chombo kinafanya kazi, mbona mnakigusa? Si ni kutumia pesa tu? Swali hilo linajibiwa vizuri na mambo yaliyotokea kwingine kwa programu zinazojulikana.

SharePoint ya kampuni ya Microsoft ni miongoni mwa programu za intraneti zinazotumika sana duniani. Ilianza mwaka 2001 na imepitia matoleo kadhaa tangu wakati huo. Kila toleo linalowekwa kwenye seva za shirika lenyewe lina umri wake. Lile la 2013 lilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 11 Aprili 2023, na matoleo ya 2016 na 2019 yakapangiwa tarehe 14 Julai 2026. Siku hiyo ikipita, programu haizimiki. Wafanyakazi huendelea kuitumia kama kawaida, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu tundu likigunduliwa hakuna fundi wa kampuni atakayeliziba.

Matundu hugunduliwa kweli. Julai 2025 Microsoft ilitangaza kwamba wavamizi walikuwa tayari wanatumia udhaifu katika SharePoint iliyo kwenye seva za mashirika yenyewe, na ikatoa viraka vya dharura siku chache tu baada ya mashambulizi kujulikana. SharePoint inayoendeshwa na kampuni yenyewe kupitia intaneti haikuhusika. Mafundi walioweka viraka walitakiwa pia kubadilisha funguo za siri za seva zao, kwa kuwa mwizi aliyekwisha kuingia huenda aliondoka na nakala ya ufunguo, na kubadilisha mlango bila kubadilisha kufuli hakukuwa kumesaidia kitu.

Hatari nyingine ni ya kimya zaidi. Facebook ilizindua Workplace, mtandao wa ndani wa maofisi, Oktoba 2016, na mashirika mengi yakahamia huko kwa sababu wafanyakazi walikuwa wamezoea sura yake. Mei 2024 kampuni hiyo, ambayo sasa inaitwa Meta, ilitangaza kwamba itaifunga: matumizi ya kawaida yangekoma mwisho wa Agosti 2025, kisha watu wangeweza kusoma tu na kuchukua data zao hadi mwisho wa Mei 2026. Shirika lililokuwa limeweka kumbukumbu zake zote humo likapewa muda wa kuhama, kama mpangaji aliyepewa notisi. Kwa ofisi ya umma jambo hili lina uzito wa pekee. Kumbukumbu za mkutano uliogawa kisima si mali ya mfanyakazi wala ya kampuni ya programu. Ni za wakaazi, na lazima zitoke salama chombo kinapobadilika.

Waraka mmoja, historia yake yote

Sasa tuingie ndani. Badiliko kubwa kuliko yote ndilo ambalo lingeniokoa na ile Alhamisi.

Zamani, mtu akitaka kurekebisha ratiba alipakua faili, akairekebisha, akaipakia tena kwa jina jipya. Sasa waraka unabaki mahali pamoja, na watu wawili au watatu wanaweza kuufungua na kuuandika kwa wakati mmoja. Kila unapohifadhiwa, mfumo huweka toleo jipya juu ya lile la zamani bila kulifuta, pamoja na jina la aliyebadilisha, tarehe na saa. Ukitaka kujua Ijumaa iligeuka lini kuwa Jumatano, unafungua historia na kulinganisha. Ukikuta mtu ameharibu, unarudisha la jana.

Kuna hatua nyingine juu ya hiyo. Waraka unaomhusu mkaazi, yaani fomu, ada, ratiba au tangazo, hauonekani kwa wafanyakazi wengine mpaka afisa mwenye mamlaka auidhinishe. Rasimu inabaki rasimu. Karani wa wadi akitafuta ratiba ya basari, anaonyeshwa iliyoidhinishwa peke yake. Nami ninapoandika tangazo sinakili tena tarehe kwa mkono. Ninaunganisha na waraka wenyewe, hivi kwamba tarehe ikibadilishwa kule, mimi na makarani wote tunapata arifa.

Wenzangu wengine hawakulipenda jambo hili mwanzoni. Ilikuwa rahisi zamani kusema "hiyo faili sikuigusa". Sasa historia inasema nani aliigusa, saa ngapi. Nadhani ni uzito unaofaa kubebwa na mtu anayelipwa kwa kodi, lakini nakiri kwamba mara ya kwanza kuona jina langu limeandikwa kando ya kosa nilihisi vibaya.

Kila waraka pia sasa una mwenyewe na una tarehe ya kukaguliwa. Ada za soko zilizopitishwa kwa mwaka mmoja wa fedha hazitaendelea kuning'inia kwenye ubao mwaka unaofuata kana kwamba bado zinatumika. Siku ikifika, mwenye waraka huulizwa: bado ni sahihi? Asipojibu, waraka huondolewa mbele na kuwekwa kwenye kumbukumbu. Haufutwi.

Kutafuta kwa Kiswahili

Hapa kuna jambo ambalo sikulitarajia, na ambalo mtu wa lugha atalifurahia.

Kitengo cha Tehama kilipowasha utafutaji mpya, makarani walilalamika kwamba haupati kitu. Ukiandika "kibali" unaletewa nyaraka tatu, ukiandika "vibali" unaletewa nyingine kabisa. Sababu ni kwamba injini nyingi za kutafuta zilikua na lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Kiingereza huongeza herufi moja nyuma ya neno kupata wingi, na mashine imefundishwa kuipuuza. Sisi tunabadilisha mbele: mzazi na wazazi, kiwanja na viwanja, waraka na nyaraka, jina na majina. Kwa mashine ambayo haikufundishwa, hayo ni maneno mageni mawili yasiyo na undugu.

Tena wafanyakazi wetu hawaandiki lugha moja. Afisa wa afya anaandika kichwa cha waraka kwa Kiingereza, karani anautafuta kwa Kiswahili, na mkaazi dirishani ameuliza kwa lugha ya nyumbani. Mmoja anasema basari, mwingine ufadhili wa masomo, wa tatu karo.

Suluhisho halikuwa la kisasa hata kidogo. Tuliketi, watu wa Tehama, makarani wawili wa wadi na mimi, tukaandika kwa mkono orodha ya maneno yanayokwenda pamoja, umoja na wingi, Kiswahili na Kiingereza, neno la ofisini na neno la sokoni. Makarani ndio waliokuwa walimu siku hiyo, kwa maana wao ndio husikia watu wanavyouliza. Orodha hiyo imeingizwa kwenye mfumo na inaongezwa kila mwezi. Ukimwona karani anaandika kitu baada ya wewe kutumia neno ambalo hakulizoea, usishangae.

Barua yako imefika wapi

Sehemu nyingine mpya ni daftari la maombi. Barua, malalamiko au ombi la habari likipokelewa, karani huliingiza na kulipa nambari. Mfumo unaonyesha liko kwenye dawati gani na limekaa huko siku ngapi, na likikaribia muda wake humkumbusha afisa, kisha msimamizi wake.

Muda huo haukubuniwa na sisi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaweka siku: afisa anapaswa kuamua ombi lako haraka iwezekanavyo na si zaidi ya siku 21 tangu alipolipokea. Habari hiyo ikigusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Muda wa siku 21 unaweza kuongezwa mara moja, kwa siku zisizozidi 14, ikiwa ombi linahitaji kupekua nyaraka nyingi au kushauriana na wengine.

Sheria hiyo hiyo inasema unaweza kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Hulazimiki kueleza unataka habari hiyo kwa nini. Asiyejua kuandika, au asiyeweza kwa sababu ya ulemavu, ana haki ya kusaidiwa na afisa kuliandika ombi lake na kupewa nakala. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unaweza kutozwa tu gharama halisi ya kunakili. Ukinyimwa, au ukikaa kimya bila jibu, unaweza kupeleka suala hilo kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi tunaijua kama ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30.

Daftari hilo jipya halikupi haki ambayo hukuwa nayo. Linatuondolea sisi udhuru wa kusema hatukuiona barua.

Nani anaona jina lako

Mtandao wa ndani una mambo ya wakaazi pia: majina ya wanafunzi wa basari, nambari za vitambulisho, hali ya familia, rekodi za hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatutaka tukusanye yale tu yanayohitajika na tuyatunze. Data zikivuja kwa namna inayoweza kukudhuru, ofisi husika inapaswa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu kugundua, nawe pia ujulishwe.

Kwa sababu hiyo ruhusa zimepangwa upya. Zamani folda nyingi zilikuwa wazi kwa "wafanyakazi wote", si kwa nia mbaya bali kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi. Sasa afisa wa kilimo hawezi kufungua orodha ya basari, na anayeweza kuifungua huacha alama ya kuingia kwake. Kuingia kwenyewe kunahitaji nenosiri pamoja na uthibitisho wa pili kwenye simu ya mfanyakazi. Hii ndiyo sababu siku hizi utamwona karani akiangalia simu kabla ya kukuhudumia asubuhi. Si kwamba anachati, angalau si wakati huo.

Kuna kitu kimoja tulichopewa ambacho kwa sasa hakijawashwa: msaidizi wa akili unde anayeweza kusoma nyaraka zote na kujibu maswali. Ni chombo cha kuvutia. Lakini msaidizi wa aina hii huona kila kitu ambacho mtu anayemuuliza ameruhusiwa kuona, hata kile ambacho mtu huyo hakujua kipo. Folda iliyoachwa wazi kimakosa miaka mitatu, ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kwa kuwa imefichika chini ya folda nyingine, yeye ataifikia kwa swali moja. Mpaka usafi wa ruhusa ukamilike, azime tu. Hayo ni maoni ya kitengo cha Tehama, nami nayaunga mkono.

Ambayo mfumo hautatenda

Stima ikipotea, mtandao unapotea. Ofisi za wadi zilizo mbali zimepewa sura nyepesi inayofunguka kwenye simu, isiyo na picha, na nakala za fomu zilizoidhinishwa hubaki kwenye tarakilishi hata intaneti ikikatika. Hilo linasaidia kwa saa chache, si kwa siku tatu. Kitabu cheusi bado kipo kwenye droo, na yaliyoandikwa humo huingizwa mtandao ukirudi.

Wala mfumo hauwezi kuingiza barua ambayo karani hakuiingiza. Mzee mmoja aliniambia katika mkutano wa maoni, "Mwanangu, tarakilishi hiyo itajuaje kwamba nilikuja, ikiwa aliyenipokea aliiweka barua chini ya kikombe cha chai?" Sikuwa na jibu zuri zaidi ya kumwambia asiondoke dirishani bila nambari. Ukikabidhi barua yoyote, omba nambari ya kumbukumbu na uiandike, au uipige picha. Ukipiga simu baadaye itaje nambari hiyo badala ya kueleza hadithi yote upya. Aliye upande wa pili ataona dawati ambako barua imesimama, na ana wajibu wa kukwambia.

Na kwa fomu za basari za awamu ijayo: tazama pembe ya chini kushoto ya ukurasa wa kwanza. Kuna neno "Toleo", nambari na tarehe ya kuidhinishwa. Kabla ya kuijaza fomu uliyopewa na jirani, uliyoipata kwenye kundi la WhatsApp au uliyobaki nayo tangu mwaka jana, linganisha nambari hiyo na iliyobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya wadi. Zikitofautiana usipeleke fomu kwa chifu kupigwa muhuri kwanza. Mwonyeshe karani. Ikiwa tangazo letu la tarehe nalo linatofautiana na ubao, piga simu katika ofisi ya habari kwa nambari iliyo nyuma ya jarida hili siku hiyo hiyo, usingoje Alhamisi.